Kompyuta Kuwaka Si Kuwa Salama

Katika ofisi zetu nyingi yamejengeka mazoea ya kudhani kwamba kompyuta ikiwashwa ikawaka, basi ni nzima. Mazoea haya ni ya hatari na yafaa yapigwe vita.

Tarehe 12 Mei, 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilivamia kompyuta katika nchi zipatazo 150, vikafunga kumbukumbu na kudai fedha ili zifunguliwe. Huko Ujerumani, mbao za treni vituoni zilionyesha madai hayo badala ya saa za safari. Uingereza ilikadiria kwamba miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa, na baadhi ya hospitali zililazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine.

Chanzo ni nini? Programu endeshi, ambayo ndiyo hutawala kazi zote za kompyuta, haikosi nyufa. Mtengenezaji huziziba kadiri zinavyogunduliwa, lakini hafanyi hivyo milele. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, iliachwa Aprili 2014. Serikali ya Uingereza ikalipa pauni milioni 5.5 ili ihudumiwe mwaka mmoja zaidi. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025.

Wapo watakaosema kosa ni la makampuni ya kibepari, yanayoamua mali yetu izeeke lini ili tununue nyingine. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo sababu inatupasa kuwafundisha vijana wetu programu huria kama Linux, ambazo hazimfungi mtumiaji kwa muuzaji mmoja. Lakini tusijifiche nyuma ya ukweli huo. Nyingi ya mashine zilizoambukizwa katika huduma ya afya ya Uingereza zilitumia Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado ikihudumiwa. Kiraka cha kuziba ufa ule kilitolewa Machi 2017, miezi miwili kabla ya balaa. Hakikuwekwa. Hapo hakuna wa kulaumiwa ila uzembe.

Kumbukumbu za ardhi, mishahara, matibabu na mitihani ni mali ya umma. Mtumishi anayefunga mlango wa ofisi kwa kufuli kila jioni, huku kompyuta iliyo ndani ikiwa na programu iliyokwisha kuachwa, ameacha dirisha wazi.

Kwa hiyo kila ofisi na kila shule iwe na daftari linaloonyesha kompyuta zake, programu endeshi ya kila moja na tarehe ya mwisho wa huduma yake. Bajeti ya ununuzi ihesabu pia gharama ya kuitunza na kuibadilisha mashine. Ile isiyoweza kubadilishwa upesi itengwe na mtandao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu mtumishi wa umma, ufa wa leo hauonekani kwa macho, lakini ukuta ukianguka atakayeumia ni mwananchi aliyepanga foleni dirishani kwako.