Ada ya Uanachama na Kazi ya Mwalimu Mtunga Programu

Kila mwanachuo hufundishwa kutengeneza zana kwa vitu vinavyomzunguka: vifuniko vya chupa vya kuhesabia, maboksi ya kukatia kadi za silabi. Siku hizi wapo walimu wanaotunga pia programu za simu za kufundishia. Hilo ni jambo jema. Lakini mtunga programu hukabiliwa na swali ambalo mwenye vifuniko hakuwa nalo: ajiunge na mpango gani wa uanachama, na kwa ada gani, ili kazi yake iwafikie watoto?

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Pasua, katika Manispaa ya Moshi, aliyetunga programu ya silabi kwa Darasa la Kwanza. Mbele yake kuna milango miwili mikubwa. Kampuni ya Apple hutoza dola 99 za Marekani kila mwaka, na uanachama ukikoma programu haipatikani tena katika duka lake. Google hutoza dola 25 mara moja tu. Hata hivyo, mtu binafsi aliyejiandikisha Google baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hana budi kupata wajaribuji wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo, kabla ya kuitoa programu kwa umma. Sharti hili lisitutishe. Wanachuo wenzetu wa bweni moja watatosha.

Wapo wasemao kwamba ada kubwa ni dalili ya ubora. Sikubaliani nao. Wakulima wa Kilimanjaro walioanzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, kilichofuatwa na KNCU mwaka 1933, hawakujiunga kwa sababu ya fahari ya kadi. Walijiunga ili wauze kahawa yao kwa pamoja. Uanachama hupimwa kwa faida unayoileta katika kazi ya mwanachama.

Basi mwalimu na ajiulize maswali matatu. Kwanza, wazazi wa wanafunzi wangu wana simu za aina gani? Hapa nchini nyingi ni za Android. Pili, nikishindwa kulipa mwakani, watoto watapoteza nini? Tatu, je, ni lazima nilipe sasa? Programu ya Android yaweza kugawiwa kwa kadi ya kumbukumbu bila ada yoyote. Ni kweli kwamba duka hurahisisha masahihisho na huwapa wazazi imani. Lakini kwa darasa moja, kadi hiyo yatosha kuanzia.

Aidha, si lazima kuanza na ukurasa mtupu. Kati ya mwaka 2017 na 2019, programu za Kiswahili za kujisomea zilijaribiwa na watoto wapatao 3,000 wa vijiji vya Mkoa wa Tanga, katika shindano la XPRIZE. Programu za washindani watano wa fainali ziliachwa wazi ili yeyote azitumie na kuziendeleza.

Kwa maoni yangu, mwalimu aanze bila kulipa, aijaribu kazi yake darasani, airekebishe, kisha alipe ada ya mara moja. Ada ya kila mwaka isikatwe katika mshahara wake mdogo kabla hajahakikisha kwamba ipo simu ya mtoto inayoihitaji. Zana njema ni ile ambayo mtoto ataikuta tena kesho.