TUSIWAFUNDISHE WATOTO KUMDANGANYA MKAGUZI



Leo twasema jambo ambalo wote tunalijua na wote tumelinyamazia.

Katika mitaa yetu hii, toka viwanja vya Mnazi Mmoja hadi sokoni Kariakoo, kina mama huamka alfajiri. Huyu mama lishe, yule anauza nyanya, mwingine anatembeza khanga. Mtoto wa miaka miwili hawezi kushinda juani. Anapelekwa kwa mama wa mtaani anayelea watoto nyumbani kwake. Kazi hiyo ni ya heshima. Hilo hatubishi.

Lakini ikisikika tu kwamba Afisa Ustawi wa Jamii anapita kukagua, tazameni mambo! Nusu ya watoto wanahamishiwa uani kwa jirani, wameambiwa kimya. Waliobaki wanavishwa nguo za Idi. Jamvi la kuazima, ndoo ya kuazima, midoli ya kuazima. Na baya kuliko yote, watoto wanakaririshwa majibu. "Mko wangapi?" "Wanane!" Kumbe wako 20. "Mnakula nini?" "Uji wa maziwa!" Na maziwa hayajaonekana tangu mfungo. "Mnachapwa?" "Hatuchapwi!" Na fimbo iko juu ya kabati.

Tunauliza: huko ni kumwandaa mtoto au ni kumharibu? Mtoto wa miaka minne amefundishwa na mtu mzima kusema uwongo, akapewa na pipi. Kesho mtu mbaya akimshika na kumwambia "usimwambie mama", atajuaje kwamba siri hii ni ya kusema? Sisi wenyewe ndio tutakuwa tumemfundisha kunyamaza.

Wengine wanasema: "Katibu, tukisema kweli tutafungiwa, na mama wa sokoni atamweka wapi mwanawe?" Hoja hii ina uzito, hatuidharau. Lakini sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tuna kisa chetu. Darasa letu la kisomo lilikuwa na shida ya vitabu. Siku ya mkaguzi, waliojua kusoma wakakalishwa mbele, wasiojua wakaambiwa wabaki makwao. Mkaguzi akaandika darasa ni zuri, halina shida. Basi vitabu havikuja! Na baadhi ya wenzetu wale waliofichwa mpaka leo wanaweka dole gumba. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tena sheria hii si ya jana. Ile ya mwaka 1981 ilitaka vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliyoshika nafasi yake inataka hivyo hivyo. Kifungu chake cha 11 kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Maoni yake yeye, siyo yale tuliyomtia mdomoni.

Mkaguzi akiuliza mlango wa pili uko wapi, si maringo. Wote tunaukumbuka moto wa Soko Kuu la Kariakoo, usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Moto ukizuka mchana kwenye nyumba ya mlango mmoja, na daftari linasema watoto 8, nani atajua kwamba yuko wa tisa wa kutafutwa?

Kwa hiyo twashauri:

1. Kila asubuhi majina yote yaandikwe kwenye daftari, na nani atakuja kumchukua kila mtoto. Hesabu iwe ya kweli.

2. Watoto waambiwe maneno mepesi: "Leo atakuja mgeni. Ataangalia choo chetu na chakula chetu. Ukiogopa njoo kwangu. Akikuuliza, sema unavyojua." Basi, inatosha.

3. Kila kinachoazimwa siku ya ukaguzi ndicho kinachokosekana siku zote. Kiorodheshwe, kiletwe mkutanoni, ushirika uchangie.

4. Wazazi tujikosoe. Tunalipa kidogo, tena tunachelewa, halafu tunauliza maziwa yako wapi! Mama mlezi atayatoa wapi?

Na nyinyi maofisa, tunawaambia kwa heshima: ukaguzi wa kupiga kufuli na kuondoka ndio unaozaa uwongo huu. Njooni mtuoneshe palipoharibika, mtupe muda wa kutengeneza, kisha mrudi mtazame. Tukiona hivyo, hakuna atakayeficha mtoto uani.

Mtoto hashindwi kusema kweli. Sisi wakubwa ndio tunaoiogopa.

Mwenye kupinga aandike hapa chini, nafasi tumeiacha.

Katibu wa Tawi