Suria Hakuwa Mke

Wenzangu ninaokaa nao Upanga hununua Kariakoo tamthilia za kasri za Kichina zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na usiku humshangilia suria anayepanda cheo. Sina ugomvi na tamthilia. Ugomvi wangu ni kauli inayofuata: "Wafalme wa kule bwana! Huku kwetu hayakuwapo hayo."

Yalikuwapo. Vuka maji tu, fika Mtoni, Unguja. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, na kwa maelezo ya binti yake Salme, wote walizaliwa na masuria. Mkewe wa ndoa, Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Jilfidan, mama yake Salme, alikuwa binti wa mkulima wa Kicherkesi. Wazazi wake waliuawa vitani, yeye akachukuliwa angali mtoto wa miaka saba au minane. Mama yake Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi. Majid, aliyeanzisha Dar es Salaam miaka ya 1860, naye ni mtoto wa suria. Mji huu tunaojidai nao umeanzishwa na mtoto wa mwanamke aliyekuwa mali ya mtu. Wangapi kati yetu tumewahi kuuliza jina lake?

Wapo wanaowaita "wake wa Sultani". Naikataa lugha hiyo. Suria alikuwa mtumwa. Najua utetezi: aliyemzalia bwana hakuuzwa, mwanawe alihesabiwa huru, na bwana akifa naye alikuwa huru. Lakini uhuru unaosubiri maiti ni uhuru gani? Na asiyejaliwa mtoto je? Beijing nako vilevile: Cixi aliingia kasri mwaka 1852 akiwa suria wa daraja la chini, akapanda alipozaa mtoto wa kiume mwaka 1856. Huku na kule, ngazi ilikuwa uzazi.

Mnaosema haya ni mabishano ya maneno tu, someni sheria. Zanzibar ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje, kwa hoja kwamba wahesabiwe kama wake. Iliwabidi wasubiri hadi mwaka 1909. Neno "mke" ndilo lililowafungia mlango kwa miaka 12. Anayelitumia leo kuwapamba anaurudishia mlango ule komeo.

Tazameni tamthilia zenu, ni nzuri. Ila msiseme hayakuwapo kwetu, na mkiwataja wa kwetu, waiteni walivyokuwa: masuria, watumwa, mama zao masultani.