Mvutaji Aliyelazwa Asaidiwe, Asikaripiwe

Mvutaji anapolazwa hospitali huamrishwa na daktari aache sigara. Huitikia kwa adabu, na siku anayoruhusiwa hupita dukani akanunua moja. Lawama zote humwangukia yeye. Sisi hatukubaliani nazo.

Nikotini huutia ubongo utumwani. Mtu aweza kufunga Ramadhani kutwa nzima bila ya kuvuta, na adhana ya magharibi ikamkuta kiberiti ki mkononi. Tunawajua, na baadhi yao ni wenzetu wa ofisini. Azma wanayo. Wanachokosa ni msaada.

Na msaada upo. Mwezi wa Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku, unaoshauri nasaha ziambatane na dawa: vibandiko na ubani wa kutafuna wenye nikotini, bupropioni, vareniklini na sitisini. Utafiti nao umeonyesha kwamba nasaha zinazoanzia kitandani hufaa pale zinapoendelezwa angalau mwezi mmoja baada ya mgonjwa kurudi kwao. Karipio la siku moja si tiba.

Tanzania iliuridhia Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007, na ibara yake ya 14 yahusu jambo hili hili. Tunawataka wakuu wa afya wawafunze wauguzi nasaha hizo, waagize dawa, na mgonjwa wa Tumbatu au Kojani afuatiliwe na kituo cha afya cha jirani, asipandishwe chombo kufuata ushauri wa dakika tatu.