Mtoto wa Kisauni akiacha kucheka, shuleni aende kwa nani?

Mwezi Mei 2024, Gavana Abdulswamad Sharif Nassir alipopiga marufuku muguka katika kaunti ya Mombasa, hapakuwa na baraza, maskani wala mimbari isiyolizungumzia jambo hilo. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa akili za watoto wetu. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo, wanasiasa wa huku na wa kule wakarushiana maneno, kisha mjadala ukapoa. Wakati ule nilingoja kusikia swali moja na sikulisikia: mtoto wa gredi ya tano pale Mtopanga au Timbwani, ambaye hajagusa muguka wala sigara, lakini usiku halali, chakula hakimpiti, na kucheka ameacha, shuleni anapelekwa kwa nani?

Kwenye karatasi jibu lipo. Shule ya msingi inatakiwa iwe na mwalimu wa ushauri nasaha. Wazo hili ni la zamani. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ililitaja, na jopo la Wangai la 2001, lililochunguza ghasia za wanafunzi, likalirudia. Mwaka huo huo wa 2001 viboko vilipigwa marufuku shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza kwamba kumpiga mwanafunzi au kumtesa kiakili ni kosa. Fikra ilikuwa fimbo itoke, unasihi uingie. Fimbo haikutoka yote, na unasihi umeingia nusu.

Ingia shule yoyote ya umma ng'ambo ya kisiwa uulize mwalimu wa ushauri nasaha ni nani. Utaonyeshwa mtu, tena mara nyingi ni mtu mwema, mama mtu mzima anayependwa na watoto. Lakini ana vipindi vyake kama walimu wengine, ana darasa lake, ana daftari za kusahihisha, na siku ya zamu anasimama langoni. Ofisi hana, mazungumzo ya siri hufanyika chini ya mwarobaini au kwenye kona ya chumba cha walimu, wenzake wakinywa chai na masikio yao wazi. Na palipo na upungufu wa walimu, yeye yeye ndiye wa nidhamu. Asubuhi anamkemea mtoto mbele ya gwaride, saa nne anatarajia mtoto huyo huyo amfungulie moyo.

Na watoto hawa wana ya kueleza. Likoni ni mahali ambapo msiba wa feri ya Mtongwe ya Aprili 1994, iliyoua watu 272, bado una wenyewe. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa na ghasia zikawafukuza watu majumbani. Waliokuwa watoto wakati ule, waliojificha chini ya vitanda, leo ndio wazazi wa wanafunzi wetu, na wengi wao hawakupata kuulizwa hata siku moja waliona nini. Kisauni tumekuwa na vijana wa mapanga, wengine umri wao ni wa kuvaa kaptura ya shule. Kila kundi kama lile likikamatwa, tunaona picha za waliokamatwa. Mdogo wao aliyebaki nyumbani, anayekwenda shule kesho yake huku mtaa mzima ukijua ni nduguye nani, hatumwoni.

Halafu kuna watoto ambao mama zao wako Saudia, Oman au Qatar wakifanya kazi za nyumbani. Fedha zinakuja, alhamdulillahi, na mama anaonekana kwenye simu Ijumaa. Mtoto analelewa na bibi mwenye miguu inayouma. Kuna ambao baba yao yumo kwenye unga. Kisauni kuna kituo cha methadone na foleni yake ya asubuhi ni ya akina baba wa watu. Na kuna nyumba ambazo baba alichukuliwa usiku na hakurudi, wala hakuna kaburi. Mtoto wa nyumba hiyo akiulizwa darasani aandike insha ya familia yangu, anaandika nini?

Upande wa Changamwe na Jomvu nitakaa kidogo, kwa kuwa kisa chake kinafundisha. Kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kiliishi kwa miaka ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi na maji yake yalibeba madini ya risasi mpaka ndani ya miili ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, kesi ikapanda na kushuka mpaka Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024. Gazetini tulisoma habari za fidia. Lakini sayansi ya risasi inajulikana: huushambulia ubongo wa mtoto, humfanya asitulie, asahau, akasirike upesi. Sasa fikiria mtoto kama huyo ndani ya darasa lenye watoto sabini. Mwalimu aliona nini? Aliona mvivu na mtundu. Bila mtu mmoja pale shuleni ambaye kazi yake ni kuuliza kwa nini watoto wa kijiji kimoja wote wana shida ile ile, hata sumu hugeuzwa ikaitwa utovu wa adabu.

Neno adabu lenyewe limetukaa. Likoni tuna wadi nzima inaitwa Shika Adabu. Na tuna methali tunayoitoa kila mwalimu anapolaumiwa kwa kuchapa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sina ugomvi na wazee. Walisema kweli juu ya malezi. Ila mtoto anayelia si yule wa kumwogopa sana. Ninayemwogopa ni yule aliyekuwa analia zamani na sasa halii.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Basi turudi kwetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtembelea mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyeitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume akamuuliza habari za kindege chake. Kiongozi wa umma mzima alipata nafasi ya kuuliza habari za ndege wa mtoto mdogo. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na hakuna aliyethubutu kusema imani yake imepungua. Sisi mtoto akijitenga twasema ana kijicho cha watu, na wasichana wa gredi ya saba wakianguka darasani na kupiga mayowe twasema pepo, shule inafungwa nusu siku, anaitwa maalim. Sikatai kuwepo kwa majini, Qur'ani imewataja. Nakataa kuishia hapo. Kisomo na hospitali havigombani, na Mtume huyo huyo ametuamuru tutafute dawa.

Hospitali nayo ina mkasa wake, na hapa ndipo penye fundo hasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliigawa kazi: shule za msingi zikabaki kwa serikali kuu, zahanati na hospitali za kaunti zikaenda kwa gavana. Mwalimu ni wa TSC, muuguzi ni wa kaunti. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 imezitwika kaunti jukumu la kutoa huduma hizi mpaka mashinani, lakini mtoto hushinda upande wa pili wa ua. Mwalimu akishuku kuna tatizo, hana anayempigia simu. Humwita mzazi na kumwambia ampeleke Port Reitz, kwenye kitengo cha akili. Kwa mzazi wa Mtongwe hiyo ni feri, kisha matatu mbili, na kibarua cha siku nzima kimepotea. Kwa mzazi wa Mwakirunge ni kushuka mpaka daraja la Nyali, kulikata kisiwa chote, kisha kutokea Makupa. Na akifika, jirani akimwona pale, kesho mtaa mzima unajua mwanawe ni "wa Port Reitz". Wengi hawaendi. Tukumbuke pia kwamba mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kuwa kinyume cha Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Familia zilijifunza kunyamaza.

Mzigo wa mwalimu mkuu nao umeongezeka. Tangu Januari 2023 sekondari msingi, JSS, imewekwa ndani ya ua la shule ya msingi. Aliyezoea watoto wa miaka sita hadi kumi na tatu sasa ana vijana wanaoota ndevu na wasichana wenye mambo ya kikubwa. Walimu wa pande mbili wanavutana juu ya nani mkuu wa nani. Mgao wa serikali ni Sh1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na Sh15,042 kwa wa JSS, wote wakinywa maji bomba moja. Katika hizo 1,420 sijui ni mwalimu mkuu gani anaweza kukata za kumsomesha mnasihi.

Uingereza, kuanzia 2021, serikali ilizipa shule ruzuku ya pauni 1,200 kila moja ili zimsomeshe mtu mmoja wa kuongoza mambo ya afya ya akili, na kuna vikundi vya wahudumu wa afya vinavyozunguka shule kadhaa. Pauni hizo hatuna. Lakini ukiziondoa, kinachobaki ni rahisi: mtu mmoja mwenye jina, mwenye mamlaka, na mwenye njia ya kufika kwa mganga. Wala si lazima awe daktari. Hapa hapa Kenya, taasisi ya Shamiri ya Tom Osborn imetumia vijana waliotoka shule ya upili juzi, wakafunzwa kwa muda mfupi, wakaongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari. Utafiti wao, uliochapishwa 2021 na kuwahusu wanafunzi zaidi ya 400, ulionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikipungua. Zimbabwe, Dixon Chibanda alianza na mabibi walioketi kwenye benchi, na benchi hilo limeshafika Zanzibar. Tuna mabibi sisi? Tunao tele.

Kwa hivyo ninachodai si majengo. Mwalimu mkuu amteue mwalimu huyu kwa barua, ampunguzie vipindi vitano kwa wiki, amwondoe kabisa kwenye nidhamu, na ampe chumba chenye mlango, hata kama ni stoo ya mipira. TSC na idara ya afya ya kaunti zikubaliane, kwa kila kaunti ndogo, muuguzi mmoja wa afya ya akili azuru shule siku maalumu, ili mtoto wa Likoni asivuke bahari kutafuta sikio. Na kipindi cha PPI, ambacho kimo kwenye ratiba kila wiki na ambacho shule nyingi hukiachia watoto wazurure au wafanye hesabu, kitumiwe. Ustadh anayekuja kukisomesha ndiye mara nyingi mwalimu wa madrasa ya jioni ya watoto hao hao. Anamwona mtoto saa ambazo mwalimu wa shule hamwoni. Wawili hawa wakizungumza japo robo saa kwa mwezi, watajua mengi. Ila na yeye aache bakora nyumbani.

Mikutano ya wazazi ya mwanzo wa muhula huwa ni ya pesa za mitihani na viatu. Safari hii mzazi mmoja ainuke amuulize mwalimu mkuu: jina la mwalimu wa kumsikiliza mwanangu ni nani, na anapatikana saa ngapi? Likitajwa jina, mzazi aliandike. Na kwa ambaye hawezi kungoja mkutano, 116 ni laini ya watoto, hupigwa bure mchana na usiku, na anayeipokea si polisi.