Ushindi Usio na Wapiga Kura

Rai yetu ni kwamba ushindi wa mazoea, kama ule ambao chama cha Labour cha Uingereza kimeupata katika jimbo la bunge la Manchester Central kila uchaguzi tangu 1974, hautoshi kuwa hoja ya ridhaa ya raia.

Katika uchaguzi mdogo wa jimbo hilo wa Novemba 2012, waliopiga kura walikuwa asilimia 18.2 tu ya walioandikishwa, kiasi hafifu kuliko chochote katika uchaguzi mdogo wa bunge nchini humo tangu Vita Vikuu vya Pili. Na baridi ya majira yale si udhuru wa kutosha. Pale matokeo yajulikanapo kabla ya kura, mwenye kiti hulala na wapinzani hukata tamaa.

Wenye dhamana ya vyama na ya sheria za uchaguzi wawaendee hao waliosalia majumbani, wawasikilize, tena bila taakhira.