Mtoto akikuambia: "Mama, huku wananidharau"



Juma lililopita, baada ya kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki ameketi peke yake kwenye benchi. Tukamwuliza: "Mama, kuna nini?" Akatuambia kwamba kijana wake, yule aliyeenda Marekani na jamaa ya mjomba wake na sasa anasoma iniversite kule, ana miezi miwili hapigi simu.

Mara ya mwisho walipoongea, kijana alimweleza kwamba darasani mweusi ni yeye peke yake. Mwalimu akisema wafanye kazi kwa vikundi, yeye anabaki bila kikundi. Usiku mlinzi anamwomba karte ya mwanafunzi, na wenzake wazungu wanapita bila kuulizwa neno. Siku moja mwenzake alimwuliza kama alikubaliwa kwa akili zake ao kwa huruma tu.

Mama akamjibu: "Mwanangu, vumilia. Wenzako huku wanakosa hata minervali. Wewe mshukuru Mungu." Kijana akanyamaza. Tangu siku ile simu hailii.

Hatukumlaumu. Wengi wetu tungejibu vilevile, maana mtu akifika Marekani tunamwona kama amekwisha kuvuka mto. Lakini sisi walimu tunajua jambo moja: mtoto anayeleta mashitaka yake na kuambiwa "vumilia tu" hatayaleta mara ya pili. Atabaki nayo moyoni, na huko ndiko yanakooza.

Tulimsimulia mama huyo habari za mwanamke mmoja, mwalimu kama sisi na mzazi kama ninyi. Jina lake ni Autherine Lucy. Alizaliwa mwaka wa 1929 katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kitinda mimba wa watoto kumi katika jamaa ya wakulima. Mwaka wa 1952 yeye na rafiki yake Pollie Myers waliomba nafasi kwenye Iniversite ya Alabama. Walikubaliwa. Wakubwa walipotambua kwamba ni weusi, wakawakatalia.

Wasichana hao hawakurudi nyumbani kulia. Walikwenda tribinali. Mmoja wa maavoka wao alikuwa Thurgood Marshall, yule ambaye baadaye akawa mweusi wa kwanza kuwa hakimu katika tribinali kuu ya Marekani. Kesi ilichukua miaka mitatu, wakashinda. Hata hivyo Pollie alikataliwa tena kwa visingizio juu ya maisha yake ya ndani, na Autherine akaingia peke yake, mwezi wa pili mwaka wa 1956. Kulala na wanafunzi wengine walimkatalia. Kula nao walimkatalia.

Siku yake ya tatu ya masomo, tarehe 6, kundi kubwa la watu lilimngojea. Walimtupia mayai na kupiga kelele kwamba auawe. Alifungiwa ndani ya jengo mpaka polisi walipomtoa, amelala chini ndani ya gari ili asionekane. Jioni ile wakubwa wa iniversite walimsimamisha masomo, wakisema ni kwa ajili ya usalama wake. Maavoka wake waliposhitaki kwamba iniversite ilishirikiana na wafanya fujo, akafukuzwa kabisa. Aliyetupiwa mayai ndiye aliyeondolewa.

Habari haikuishia pale. Aliolewa, akazaa, akafundisha. Mwaka wa 1988 iniversite ilifuta uamuzi wa kumfukuza. Mwaka uliofuata alirudi kusoma, huku binti yake Grazia pia ni mwanafunzi kule kule. Mwaka wa 1992, mama na binti walipokea diploma zao siku moja. Na mwaka wa 2022, siku chache kabla ya kufa kwake, jengo la kitivo cha elimu la iniversite ile lilipewa jina lake.

Kwa nini tunawaletea habari hizi? Kwa sababu mtoto mweusi anayedharauliwa kwenye masomo ya wazungu huanza kufikiri kwamba kosa ni lake: akili zake, ngozi yake, namna anavyosema Kiingereza. Akijua kwamba dharau hiyo ilikuwapo kabla yeye hajazaliwa, na kwamba kuna waliyoikataa, ataacha kujihukumu. Siku hizi mlango hauzuiwi wazi. Tangu mwaka wa 1964 sheria ya Marekani inakataza masomo yanayopokea pesa za serikali kubagua mtu kwa rangi yake ao kwa asili yake. Lakini sheria haiingii katika kila moyo. Dharau inakuja kwa maneno madogo, kwa kicheko, kwa kiti kinachoachwa wazi kando yako.

Basi mama aliye mbali afanye nini?

Kwanza, amwamini mtoto. Mwambie: "Nimekusikia. Kosa si lako." Usimkatize kwa kumlinganisha na wenye shida kuliko yeye.

Pili, amshauri aandike kila tendo: siku, mahali, neno lililosemwa, aliyekuwapo. Ujumbe wa matusi aliotumiwa kwenye simu asiufute. Iniversite za kule zina ofisi inayopokea mashitaka ya ubaguzi, na mashitaka yenye tarehe na mashahidi ni mazito kuliko machozi.

Tatu, atafute watu wake: chama cha wanafunzi weusi ao Waafrika, mwalimu mmoja anayemwamini, kanisa ao msikiti. Autherine alikuwa na rafiki na maavoka. Hakuna anayebeba mzigo huo peke yake.

Nne, asijibu kwa ngumi. Mtoto wa kigeni akipigana anaweza kupoteza masomo na ruhusa ya kukaa, na aliyemchokoza abaki.

Tena, wamama, tusiseme ya Marekani tu. Katika madarasa yetu wapo watoto waliokimbia vita vijijini. Wenzao wanawacheka kwa lugha yao, wanawaita majina mabaya, wanawasukuma kwenye benchi la nyuma. Majina hayo watoto wetu hawakuyaokota darasani. Waliyasikia mezani kwetu. Hatuwezi kulia juu ya kijana wetu anayeketi peke yake kule ikiwa huku tunafundisha wengine kumkimbia mgeni.

Yule mama alirudi nyumbani, akamrekodia kijana wake sauti. Alitusikilizisha: "Mwanangu, nilikujibu vibaya. Nieleze tena, leo nitasikiliza." Jana jioni alitutumia neno: kijana amepiga simu. Wameongea mpaka unite zikaisha, akakopa kwa jirani, wakaendelea.

Tukutane juma lijalo.